Émerence wa Muanda na Samaki Wanaopanda Miti

Ukipita asubuhi kwenye njia inayotoka soko dogo la kambi ya Kamina, utasikia kicheko kabla ya kunusa mikate. Kicheko hicho ni cha Émerence. Yeye hukaanga mikate midogo ya mviringo katika sufuria ya mafuta, na huku akiigeuza kwa kijiti chake kirefu, anasimulia. Mkono mmoja unafanya kazi, wa pili unaruka hewani, na macho ya wateja yanaufuata huo wa pili. Watu wengi wamewahi kuondoka pale bila mikate waliyoijia, wakarudi baadaye wakijicheka wenyewe.

Anachosimulia ni wanyama wa kwao. Émerence ni binti wa Muanda, kwenye kipande kile kifupi cha pwani ambapo nchi yetu inagusa bahari. Kutoka huko mpaka Kamina, karibu nchi nzima imelala katikati. Alikuja kwa kaka yake Gaston, koplo aliyehamishiwa kambi hii, ili amsaidie wifi yake aliyekuwa amejifungua. Alisema atakaa mpaka mtoto aweze kuketi. Mtoto aliketi, akatambaa, akatembea, akaanza kuiba mikate ya shangazi yake, na Émerence bado yupo.

Katika kambi hii kila familia imekuja na fahari yake. Watu wa Kivu wana mlima unaotema moto, wa Kasai wana almasi, wa Équateur wana msitu ambamo mchana ni giza. Émerence alikuja na kaa, kasa na samaki, na aliwaonyesha kwa mwili wake mwenyewe. Akifika kwa kaa, alikiinua kijiti cha mikate juu ya bega. Kaa dume wa Muanda, alieleza, ana mkono mmoja mdogo wa kulia chakula, na mwingine mkubwa kama yeye mzima, na kazi ya huo mkubwa ni kupunga tu. Husimama mbele ya shimo lake akipunga na kupunga, akimwita jike. Akifika kwa kasa, aliinamisha shingo, akajikokota kwa viwiko hadi kwenye mfuko wa unga: ndivyo kasa jike anavyopanda ufukweni kutaga mayai, na machozi yanamtoka njia nzima. Lakini aliyempenda kuliko wote alikuwa samaki mmoja mdogo mwenye macho juu ya kichwa kama chura. Maji ya bahari yakipungua, samaki huyo hubaki nje, hutembea topeni kwa mapezi yake, kisha hupanda mikoko, ile miti inayosimama ndani ya maji ya chumvi kwa mizizi mirefu kama miguu ya korongo.

Ni samaki huyo aliyemleta Timothée.

Timothée alikuwa akinunua samaki waliokaushwa Kinkondja, kwenye ziwa Kisale, na kuwauza Kamina akiwa na baiskeli iliyobeba mzigo mrefu kuliko yeye. Aliamini kwamba mambo ya samaki anayajua. Siku ile alisimama kununua mikate, akasikiliza, akakunja uso.

“Dada, samaki yako ikiisha kupanda ku muti, inashukaka namna gani?”

“Inarukaka.”

“Inaruka vile gani?”

“Vile weye unarukaka ukiona muntu wa kodi mu soko.”

Timothée alicheka hadi akaiachia baiskeli. Mzigo ulimwagika, samaki wakatawanyika barabarani, na wateja wote wakainama kuwaokota pamoja na vumbi. Tangu siku hiyo alipita pale kila asubuhi na baiskeli yake, hata siku ambazo hakuwa na samaki hata mmoja wa kuuza. Mvua zilipoanza, walikuwa wamekubaliana kuoana.

Sasa alibaki Mama Kyabu.

Mama Kyabu ni mama yake Timothée. Shamba lao liko nje kidogo ya mji: mahindi, karanga, muhogo, na jiko la matofali nyuma ya nyumba. Ni mwanamke mfupi mwenye sauti ndogo sana, na kwa sababu hiyo watu wote huinamisha vichwa ili wamsikie, wakaonekana kana kwamba wanamsujudia. Mume wake, Baba Wenceslas, alikuwa katekista kwa miaka mingi. Huyu hucheka bila kutoa sauti. Mabega tu ndiyo hutikisika. Katika nyumba ile, ukimuuliza Baba Wenceslas jambo lolote la maana, atakuambia umuulize mama.

Siku ya kutambulishwa, Émerence alifanya kila kitu sawasawa. Alipiga magoti mlangoni, akapiga makofi polepole kama mabinti wa Kiluba wanavyowasalimu wakubwa wao. Alisonga bukari, na Mama Kyabu alipoubonyeza ule ugali kwa kidole, hakuona bonge hata moja. Walikaa kula. Mambo yalikuwa matamu hivi kwamba Mama Kyabu mwenyewe aliuliza swali la kirafiki.

“Na kule kwenu ku bahari, munakulaka samaki gani?”

Timothée alimgusa Émerence kwa mguu chini ya meza. Émerence alidhani ni kuku.

“Kuko samaki mingi, mama. Lakini kuko moja hatuikulake, tunaiangaliaka tu. Inatokaka mu maji, inatembea mu potopoto, inapanda ku muti.”

“Ku muti,” alisema Mama Kyabu.

“Eyo, mama. Inakaa pale ku muzizi, inakuangalia.”

“Inakuangalia.”

“Na macho yote mbili. Kisha kuko kaa iko na mukono moja kubwa kama mwili yake, anafanyaka hivi.” Na Émerence, kwa furaha ya kukaribishwa, aliinua mkono uliokuwa bado na tonge la bukari, akaupunga juu ya meza. Bahati nzuri hakufika kwenye nguva, yule mnyama mkubwa wa kule mdomoni mwa mto, asiye na miguu, anayenyonyesha mtoto wake majini. Alikuwa amemweka akiba.

Mama Kyabu alinawa mikono taratibu.

“Timothée, huyu mutoto iko muzuri. Anajua kusonga bukari, anajua kusalimia. Lakini iko na bongo, uongo mingi. Muntu wa bongo, unakula naye, unalala naye, na haujue uko na nani. Siku samaki itapanda ku muti, njo siku ataingia humu kama bibi yako.”

Mabega ya Baba Wenceslas yalikuwa yakitikisika.

“Weye unachekea nini?” aliuliza Mama Kyabu.

“Minyi? Sicheke, iko moshi, mama.”

Wiki zilizofuata zilikuwa za kuchekesha kwa wote isipokuwa wawili. Kwanza alitumwa Dany, kijana anayechaji simu za watu karibu na soko. Alitafuta video ya samaki yule, akampelekea Mama Kyabu, akainyoosha simu mbele yake kama padri anavyonyoosha msalaba. Samaki alionekana wazi, amekalia mzizi, akivimbisha mashavu.

“Mu telefone ya watu niliona mbuzi inaimba Ave Maria,” alisema Mama Kyabu. “Na ile pia iko kweli?”

Akaenda Gaston, na sare iliyopigwa pasi hata kwenye mifuko.

“Mama, minyi nilizaliwa kule. Ile samaki niliona na macho yangu, nilikuwa naifukuza na fimbo.”

“Papa, weye ni kaka yake. Kaka angesema nini ingine?”

Mwishowe kilipelekwa kitabu cha shule chenye mchoro. Mama Kyabu alivaa miwani, akauchunguza mchoro kwa haki, hata akakigeuza kitabu ili auone vizuri upande wa mkia.

“Huyu alichora, aliiona na macho yake, ao bantu tu njo balimuambia?”

Hakuna aliyejua. Kitabu kilirudi.

Timothée alianza kukonda. Jioni moja, akimsaidia Émerence kubeba sufuria, alimwomba.

“Umuambie tu ulikuwa unafanya mizaha. Neno moja, biko, nakuomba. Atacheka, itaisha.”

Émerence alisimama katikati ya njia. Mara hii hakucheka.

“Nikimuambia vile, njo hapo nitakuwa muongo. Leo anasema niko muongo na haiko kweli. Weye unataka ikuwe kweli?”

Timothée aliinua tena upande wake wa sufuria. Waliibeba hadi nyumbani kwa Gaston. Kesho yake mikate iliungua kidogo upande mmoja, kitu ambacho hakikuwahi kutokea.

Basi kikafika kitu cha kupoza: ubatizo wa mjukuu wa Mama Tshiala huko Kinkondja. Mama Tshiala ni mdogo wake Mama Kyabu. Aliwahi kufika Kamina, akala mikate ya Émerence, akarudi kwake akiizungumzia. Alituma habari kwamba watu waje wote, na yule msichana wa mikate aje na sufuria yake. Mama Kyabu alifikiri kidogo, akakubali. “Mikate yake haina bongo,” alisema.

Walipanda gari moshi hadi Bukama: Mama Kyabu, Baba Wenceslas, Timothée na baiskeli yake, na Émerence na sufuria yake. Mama Tshiala alikuwa Bukama kununua unga. Aliwapokea kituoni, na wote wakaingia katika mtumbwi mkubwa wa mota unaoteremka Lualaba. Ulijaa watu, magunia, na mbuzi mmoja aliyemkalia Baba Wenceslas miguuni. Mto ulikuwa mpana na mwangavu. Émerence, aliyeona maji mengi kwa mara ya kwanza tangu aondoke Muanda, alikuwa akinyoosha shingo kushoto na kulia kama kuku aliyefunguliwa. Alisahau kwamba alikuwa kwenye majaribio.

“Kalonji anaomba mumusamehe,” alisema Mama Tshiala. Kalonji ni mtoto wake, mvuvi wa ziwani, baba wa yule mtoto wa kubatizwa. “Hatakuya kutupokea ku bandari. Nyumba yake ilikuwa karibu, lakini upepo ilivuma, sasa iko kule mbali.”

“Alijenga ingine?” aliuliza Émerence.

“Apana. Iko ile ile. Iko juu ya majani, katikati ya ziwa. Majani inatembea, nyumba inatembea, kuku inatembea, na bibi yake iko anapika.”

Émerence aliangua kicheko. Kilikuwa kicheko chake kamili, kile cha asubuhi.

“Mama Tshiala, ile iko bongo.”

Mwendesha mota alipunguza moto ili asikie kitakachofuata. Timothée aliteremsha kofia yake hadi kidevuni. Polepole sana, Mama Kyabu aligeuka juu ya gunia lake.

“Umesema nini, mutoto?”

Émerence aliweka mkono mdomoni, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

“Minyi,” alisema Mama Kyabu kwa ile sauti yake ndogo, na watu wote waliinamisha vichwa, hata wasiomfahamu, “nilizaliwa juu ya ile majani. Mama yangu alinizalia pale, na ile siku upepo ilitupeleka mpaka ku ng'ambo ya pili. Baba yangu alirudia ku uvuvi, akakosa nyumba, akakosa bibi, akakosa mutoto. Alitutafuta na mutumbwi mpaka jua kushuka. Weye unasema bongo?”

“Mama, minyi nilikuwa...”

“Tutaona kesho.”

Ubatizo ulikwenda vizuri, na mikate ilikwisha kabla ya nyimbo. Siku iliyofuata Kalonji alikuja kuwachukua kwa mtumbwi wake wa mti. Walipita kati ya mafunjo marefu, ndege weupe wakiruka mbele yao, hadi mahali palipoonekana kama ukingo wa kawaida wa ziwa. Palikuwa na kibanda, moshi, chanja za kukaushia samaki, kuku na jogoo mwenye majivuno. Mke wa Kalonji alikuwa akipika juu ya tope gumu lililotandazwa ili moto usile majani. Nyuma ya kibanda hapakuwa na nchi kavu. Palikuwa na maji tena, mpaka macho yanapoishia.

“Shuka,” alisema Mama Kyabu.

Émerence alivua viatu, akaweka mguu mmoja. Ukingo ulizama kidogo, kisha ukamrudishia mguu wake, kama godoro jipya. Aliweka wa pili. Alisimama, akauma midomo. Akaruka kidogo kujaribu. Kibanda kiliinama na kuinuka. Kuku walimtazama. Akaruka tena, zaidi, na sasa kisiwa chote kilifanya wimbi: chanja zilicheza, sufuria iliyumba, jogoo alianguka kutoka juu ya paa akasimama akijifanya alikusudia.

“Inatembea,” alisema Émerence. “Mama, inatembea. Iko inatembea kweli.” Na akazidi kuruka, akicheka hadi machozi, mikono juu, mpaka alipofika mahali pembamba, na mguu wake wa kushoto ukapita chini hadi gotini. Alibaki amekaa pale, mguu mmoja juu ya majani, mguu mmoja ziwani, huku samaki wadogo wakimtekenya unyayo, akapiga kelele za kutekenywa.

Kalonji alimvuta kwa makwapa. Mkewe alikuwa ameishika sufuria kwa mikono yote miwili. Baba Wenceslas, aliyekuwa bado mtumbwini, alitikisika mabega kwa nguvu hivi kwamba mtumbwi wenyewe ulianza kuyumba. Na Mama Kyabu alikuwa amefunika uso kwa kitambaa, akicheka kwa sauti kubwa ambayo hata mtoto wake hakuwahi kuisikia.

Alipotulia, Émerence alipiga magoti mbele yake juu ya majani yanayobonyea, akapiga makofi polepole, tope likimtiririka.

“Mama, unisamehe. Nilisema iko bongo kwa sababu sikuona.”

Mama Kyabu alifuta macho. Aliangalia maji, akaangalia kibanda, akamwangalia mdogo wake Tshiala, ambaye alikuwa na kitu cha kusema na hakuweza kukizuia.

“Dada Kyabu, unakumbuka mama ya Wenceslas? Ulifika kwake bibi mupya, ukamuelezea hii nyumba. Alikuita nani?”

“Nyamaza, Tshiala.”

“Alikuita redio ya bongo.”

“Nilisema nyamaza.” Lakini mdomo wake ulikuwa ukicheka tena. Alikaa juu ya kigoda ambacho mke wa Kalonji alimletea. “Émerence. Ile samaki yako. Inapandaka ku muti siku gani?”

“Siku yote, mama. Kila maji ikitoka.”

“Kila siku.”

“Kila siku. Hata saa hii iko kule inapanda.”

“Bon,” alisema Mama Kyabu. “Minyi nilisema: siku samaki itapanda ku muti, njo siku utaingia kwangu. Kama inapandaka kila siku, ile siku ilishapita zamani. Weye njo umechelewa. Timothée, toa kofia mu uso, unamukawisha bibi yako.”

Timothée alitoa kofia. Alitaka kumkimbilia Émerence, akasahau mahali alipo, na kisiwa kikamwangusha kifudifudi katikati ya kuku.

“Sasa,” Mama Kyabu aliendelea, akijiweka vizuri kwenye kigoda, “unionyeshe vile inapanda.”

Émerence alimwonyesha. Alijivuta kwa viwiko juu ya majani, akapanda mguu wa chanja, akavimbisha mashavu, akamkodolea macho. Mama Kyabu alitaka na kaa. Alitaka na kasa, na alipoona machozi ya kasa aliuliza kama mtu hawezi kumpokea mzigo wake yule mama maskini. Kisha akauliza kama kuna mwingine.

“Kuko moja, mama,” alisema Émerence. “Lakini naogopa.”

“Sema.”

Akamwambia habari za nguva. Mama Kyabu alisikiliza mpaka mwisho, akasema, “Kama inanyonyesha, iko muntu wa maana,” na hilo likaisha.

Walioana baada ya mavuno ya mahindi, katika kanisa lao la shambani. Wakati wa kutoa sadaka, wanawake huenda altareni wakicheza na vikapu vya karanga na kuku; safari hii Mama Kyabu alitangulia mbele, mkono wa kushoto umekunjwa kifuani, wa kulia juu, ukipunga na kupunga. Waliomfuata hawakujua ni mnyama gani, lakini walipunga wote. Gaston, akiwa na sare yake katika kiti cha pili, alishindwa kuimba kwa kicheko.

Siku hizi ukipita kwenye njia ile asubuhi utasikia vicheko viwili, maana Mama Kyabu huja kukaa kando ya sufuria akisingizia kuuza karanga zake. Watoto wanaokwenda shule humzunguka na kumwinamia ili wasikie.

“Ile samaki,” anawaambia, “inapanda mpaka juu kabisa. Inakata matunda, inaangushia benzake chini.”

“Apana, mama,” anasema Émerence, kijiti mkononi. “Inaishia ku mizizi tu. Na haikule matunda.”

Mama Kyabu hageuki hata kumtazama.

“Weye geuza mikate,” anasema. “Minyi njo niko naelezea.”